Nilitazama Gemu Kabla ya Kuicheza

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 11, aligeuka katikati ya mchezo wake akaniuliza kwa upole: "Mjomba, mbona kila siku unatazama tu, huchezi?" Nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye kochi, nyumbani kwa mama, Makorora, hapa Tanga, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, na kwa kweli nilikuwa nimesahau kwamba mtu anayekaa nyuma ya mchezaji anaweza kuonekana kama mtu asiye na shughuli. Nilimjibu kwamba nacheza. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mchezo wake, lakini swali limebaki nami, na ninaliandikia hapa kwa sababu jibu lake ni refu kuliko lile nililompa.

Mwaka 2001, nilipokuwa na miaka 13, chumba cha mbele cha nyumba moja ya Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, kiligeuzwa kuwa chumba cha gemu. Ndani yake kulikuwa na televisheni mbili, mashine mbili za PlayStation, zile za kwanza za rangi ya kijivu ambazo Sony ilianza kuziuza Japani mwishoni mwa mwaka 1994, padi nne ambazo mbili kati yake zilikuwa na vitufe vilivyolegea, na benchi moja refu la mbao lililoegemezwa ukutani. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 100, na aliyefungwa alimpisha mwingine. Mimi nilipata shilingi 100 ya kuchezea mara moja kwa wiki, tena wiki ikiwa njema. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka miwili, saa zangu za gemu zilikuwa za benchini, na nikihesabu kwa haki, kwa kila dakika niliyoshika padi nilikaa saa nzima au zaidi nikiwatazama wengine.

Wanaofikiri kwamba mtazamaji wa gemu anapoteza muda hawakukaa kwenye benchi lile. Diski za mpira tulizokuwa nazo zilikuwa za Kijapani, na hakuna hata mmoja wetu, wala mwenye chumba mwenyewe, aliyeweza kusoma herufi moja ya maandishi yaliyojaa kwenye skrini. Njia tulizijua kwa kuhesabu: shuka mara mbili, nenda kulia mara moja, bonyeza duara, kwa kuwa katika diski za Japani kitufe cha duara ndicho kilichokubali na kile chenye alama ya kukata ndicho kilichokataa. Ujuzi huo ulikuwa mali ya benchi. Mchezaji mgeni akikwama, sisi ndio tuliomwelekeza, na mtu mzima aliyelipa pesa zake alikubali kuelekezwa na mtoto ambaye hakuwa amelipa chochote. Timu za nchi za mbali tulizipa majina ya timu zetu za Tanga, Coastal Union na African Sports, uwanja tukauita Mkwakwani, na goli likiingia, benchi zima lilinyanyuka.

Hata hivyo, mpira haukuwa ndio ulionivuta kila jioni. Kulikuwa na kaka mmoja, kibarua wa bandarini, ambaye alikuja siku tatu kwa wiki baada ya saa kumi, akalipia saa nzima badala ya mechi, na akacheza gemu moja tu, ya hadithi ndefu ya safari, yenye miji, mapango, maadui, na wazee wa vijijini waliohitaji kusikilizwa kabla mtu hajaruhusiwa kupita. Kaka yule hakupenda kelele za ovyo, lakini hakumfukuza mtu. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, na kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akitufasiria mstari kwa mstari, akibahatisha pale alipokwama, hivi kwamba hadi leo sina hakika ni sehemu gani ya hadithi ile ilikuwa ya watengenezaji wake na ni ipi iliyokuwa ya kijana yule. Tulikuwa watu saba au wanane. Tulishauriana apite njia ipi. Tulimkumbusha kwamba mzee wa kijiji cha kwanza alimwambia arudi akipata ufunguo. Alipoingia kwenye pango lenye njia nyingi, sisi tuliokuwa tumepelekwa na shule kwenye Mapango ya Amboni tulimshauri kwa moyo wote afuate ukuta wa kushoto bila kuuacha, na ushauri huo ulimtoa salama.

Mashine zile hazikuwa na mahali pa kuhifadhi mchezo ndani yake. Kila kitu kilikaa kwenye kadi ndogo tuliyoiita memori, yenye nafasi 15 tu, na chumba kizima kilikuwa na memori moja. Siku moja, baada ya karibu miezi miwili ya safari, kaka yule alikaa, akawasha, akaitafuta nafasi yake asiione. Jioni iliyotangulia kulikuwa na mtu aliyeifuta ili ahifadhi kombe lake la mpira. Hakugomba. Alizima mashine, akaiweka padi juu yake taratibu, akamlipa mwenye chumba saa ambayo hakuicheza, akatoka, wala hakurudi tena. Sisi tulibaki benchini kimya, na nilimwona yule kijana wa kidato cha tatu akifuta macho kwa kiganja. Padi ya gemu ile sikuwahi kuishika hata mara moja, na bado hasara ile ninaihesabu miongoni mwa huzuni kubwa za utoto wangu.

Mwaka 2016, nilipokuwa na simu yenye uwezo wa kuonyesha video, niliutafuta mwisho wa gemu ile YouTube nikaupata. Ulikuwa wa dakika 14. Niliyaona yote tuliyokuwa tukiyangojea: lango likafunguka, adui mkubwa akaanguka, muziki ukabadilika, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Nilitazama hadi jina la mwisho, na moyo wangu haukusogea. Aliyekuwa akicheza alikuwa hodari kuliko kaka yule, hakukosea popote, hakusimama popote, na hakuna aliyemwuliza mzee wa kijiji cha kwanza alisema nini. Nilikuwa nimeuona mwisho wa safari ya mtu mwingine.

Siku hizi kuwatazama wengine wakicheza ni biashara kubwa. Twitch, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili hiyo hasa, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa dola milioni 970, na huwa naikumbuka bei hiyo nikilifikiria benchi letu la mbao. Siwashangai vijana wanaokesha humo. Wanakitafuta kitu ninachokijua, ingawa mchezaji mwenye watazamaji elfu kadhaa hawezi kumsikia mmoja mmoja, na hilo la kusikiwa ndilo ninalotaka kulieleza vizuri, maana lilianzia mbali kidogo, kwenye banda la video.

Kabla ya gemu nilikuwa mtu wa picha. Banda letu lilikuwa Mabawa, lenye kuta za magunia, deki moja, televisheni ya inchi 21 iliyowekwa juu ya meza ndefu ili walio nyuma waone, na joto ambalo aliyewahi kukaa humo mwezi wa pili hatalisahau. Mtoto alilipa shilingi 50. Siku za kawaida zilionyeshwa picha za mapigano, za Hong Kong na za Marekani, na Jumapili zikaonyeshwa za Kihindi. Kila picha ilikuwa na steringi, kila steringi alikuwa na adui wake, na kila mtoto aliijua kanuni kwamba steringi hafi. Baadhi ya kanda zilikuja zimekwisha kutafsiriwa na Derek Mukandala, ambaye wapenzi wa picha wanamjua zaidi kwa jina la Lufufu, na sauti ile iliyoeleza, ikauliza, ikaonya, na mara nyingine ikaongeza yasiyosemwa na mtu yeyote kwenye picha, ilitupa ruhusa ambayo hatukuwa tumeiomba: nasi tukawa tunazungumza na picha.

Adui alipotokea nyuma ya steringi akiwa na kisu, banda zima lilipaza sauti: "Nyuma! Nyuma yako!" Watu wazima, wenye watoto wao nyumbani, walisimama na kunyoosha vidole. Steringi hakugeuka. Filamu hupigwa kwa picha 24 katika kila sekunde, na filamu ya saa mbili ni jumla ya picha 172,800 zilizokwisha pangwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imepigwa katika nchi ya mbali na miaka mingi kabla kanda haijafika Tanga. Kisu kilikuwa kimekwisha kushuka zamani. Jambo hilo lilikuwa wazi kwetu, kwa kuwa kanda nyingi tulizitazama mara ya tatu na ya nne, tukaijua hata sekunde ambayo mlango ungefunguka, lakini ilipofika sekunde hiyo tulipiga kelele kwa nguvu zilezile. Nimewahi kusikia mtu aliyesoma akiieleza tabia hiyo kuwa ni ushamba wa watu wasioijua sinema. Sikubaliani naye hata kidogo. Tuliijua vizuri sana, na tulipiga kelele kwa sababu kunyamaza mbele ya mtu anayenyemelewa ni jambo baya, hata kama mtu huyo ni mwanga tu kwenye kioo.

Sasa mtu aliyetoka kwenye banda lile akaketi kwenye benchi la Ngamiani alikutana na kitu kipya kabisa. Mashine ya gemu haina picha zilizopangwa tayari. Inachora upya mara 30 au 60 katika kila sekunde, na kabla ya kila mchoro inauliza kidole cha mchezaji kiko wapi. Nakumbuka jioni moja kaka wa bandarini alikuwa akipita kwenye daraja, na mimi niliyekaa pembeni nikaona kivuli kikitoka upande ambao yeye hakuwa akiuangalia. Nikasema yale maneno ya bandani, bila kufikiri, kwa mazoea tu: "Nyuma yako!" Naye akageuka. Yule kijana kwenye skrini aligeuka, upanga ukakutana na upanga, akapona. Nilikuwa na miaka 13, mfukoni sina hata senti, na sauti yangu ilikuwa imemfikia steringi. Hiyo ndiyo sababu ya kumwambia mpwa wangu kwamba nacheza.

Siwezi kuandika haya nikaficha upande wa pili. Mwaka 2009 nilikuwa chuoni Dar es Salaam, ninaishi chumba cha peke yangu, nina kompyuta ya mezani na gemu za kutosha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuna aliyekuwa akiingojea padi. Nilianza baada ya sala ya isha na mara nyingi nilisimama niliposikia adhana ya alfajiri. Nilishindwa mitihani miwili, nikairudia, na sababu yake sikumwambia mama hadi miaka mingi baadaye. Mwezi Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, na ndani yake umo ugonjwa wa kucheza gemu, unaotambulika kwa alama tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote ya maisha, na mtu kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Niliposoma maelezo hayo nilijitambua katika mawili kati ya matatu. Sidhani kwamba gemu za mwaka 2009 zilikuwa na sumu ambayo zile za mwaka 2001 hazikuwa nayo. Ninachokumbuka ni kwamba Ngamiani, jua likizama, mwenye chumba alizima mashine, na hata kama angesahau, kulikuwa na watu saba nyuma ya mchezaji wa kumwambia kwamba magharibi imeingia.

Picha nazo zimeingia katika upweke huohuo, na mahali nilipoliona jambo hili waziwazi ni ndani ya basi. Zamani nikisafiri kutoka Dar es Salaam kuja nyumbani, tangu Chalinze hadi Segera abiria wote tulikuwa tukitazama skrini moja iliyoning'inia nyuma ya dereva. Kilichoonyeshwa mara nyingi kilikuwa Bongo muvi, na basi zima lilimhukumu mama mkwe, likamwonea huruma binti, likabishana kama yule mume anastahili kusamehewa. Katika safari yangu ya mwisho skrini ile ilikuwepo, na ilikuwa ikionyesha picha, lakini karibu kila abiria alikuwa na simu yake na spika zake masikioni, mimi nikiwa mmojawapo. Jirani yangu alicheka peke yake karibu na Muheza. Nilitamani kumwuliza anacheka nini, nikaona si adabu.

Mama yangu hakuwahi kuingia banda la video wala chumba cha gemu, na bado ndiye wa kwanza aliyenionyesha picha, kwa maneno. Katika miaka ya 1970, akiwa msichana, alikwenda na dada zake Majestic, sinema ya hapa mjini, kuona picha za Kihindi. Miaka ya 1990, umeme ukikatika, alituketisha kibarazani akatusimulia picha nzima, sura kwa sura, akiigiza sauti ya baba mkali na kilio cha mama aliyepotelewa na mwanawe, akiimba nyimbo zake kwa maneno ambayo maana yake hakuijua. Katikati ya hadithi, mahali palepale ambapo taa za sinema ziliwashwa, alisimama akasema, "Intavali," akaingia ndani kutia chai, nasi tukabaki gizani tukibishana juu ya yatakayotokea. Mwaka 2018 nilifanikiwa kuipata mojawapo ya picha zile, nikamletea kwenye kompyuta yangu, tukaitazama pamoja. Katika simulizi yake kaka mkubwa alikufa mikononi mwa mdogo wake, na tulilia sana kwa ajili yake. Katika picha yenyewe kaka yule anapona, na mwishoni wanacheza ngoma ya harusi. Nilimgeukia mama. Akasema kwa utulivu kabisa, "Mimi niliyoiona ndiyo niliyokusimulieni." Sikubishana naye, na nikiambiwa nichague, namchagua kaka yule aliyekufa kibarazani kwetu.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Mashine yake ni PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, ambayo baba yake alimtumia kutoka Muscat, na kwa siku tatu alikuwa amekwama kwa bosi mmoja ambaye, ukishakaribia kumshinda, huwaita wadogo zake watokee kila upande. Alhamisi iliyopita, baada ya magharibi, alikuwa akijaribu kwa mara ya nne au ya tano, nami niko mahali pangu kwenye kochi. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akasimama kidogo, kisha akavuta kiti akakaa kitako kando yangu na kuvaa miwani yake.

"Huyu ndiye steringi?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na lile lidude?"

"Ndiye bosi wao, bibi. Ndiye anayeniua kila siku."

Mama hakusema neno tena. Alikuwa akitazama kwa namna ambayo nadhani alitazama Majestic, mikono imefumbatwa mapajani, midomo imebanwa. Bosi alipoinama, mpwa wangu akamkimbilia, na mimi nilikuwa nikimwangalia bosi kama yeye alivyokuwa akimwangalia, ndiyo maana sikukiona kile kiumbe kidogo kilichopanda kutoka ukingoni. Mama alikiona. Alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, akanyoosha kidole.

"Nyuma! Nyuma yako, mume wangu!"

Mtoto akageuka. Akakipiga mara moja, kikaanguka, akaruka upande.

Mama alibaki vilevile, nusu amekaa nusu amesimama, kidole bado kiko hewani. Kisha akanigeukia taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na asiyemtarajia.

"Amenisikia," akasema.

"Amekusikia, mama."

Alirudi kitini, akairekebisha kanga yake, akamgusa mjukuu wake begani.

"Basi hebu simamisha hapohapo. Intavali. Nikatie chai, na mtu yeyote asiendelee mpaka nirudi."